Homa ya mjamzito haisubiri boti

Kuanzia Kagunga, mpakani na Burundi, kushuka hadi Kalya, ng'ambo ya milima ya Mahale, kuna vijiji vingi vya Kigoma ambavyo barabara yake ni maji. Safari ya mgonjwa huko haipimwi kwa kilomita. Inapimwa kwa mafuta ya injini, hali ya upepo, idadi ya abiria waliokwisha kufika na saa ambayo nahodha amepanga kung'oa nanga. Aliyevunjika mkono akilala hadi boti ya asubuhi, atavumilia maumivu. Mjamzito mwenye homa, au mama aliyejifungua juzi na leo anatetemeka kwa baridi, anaweza kulala usiku mmoja na kesho yake akawa mgonjwa mwingine kabisa.

Damu tunaiogopa. Mama akimwaga damu nyumba nzima inaamka, jirani anatoa pikipiki, mwingine anakimbilia kwa nahodha. Kifafa cha mimba nacho kinatisha kwa macho. Homa haina kishindo hicho. Mama anafunikwa blanketi, anapewa panadoli, anakandwa kwa maji ya moto, na mtu mzima wa nyumbani anasema atapoa tu, uzazi una mambo yake. Ninachotaka kusema ni kwamba homa ya uzazi ihesabiwe kwa saa, kama damu inavyohesabiwa kwa vitenge vilivyolowa.

Nchi imepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Kigoma yenyewe, kuanzia 2006, ilikuwa miongoni mwa mikoa ambayo vituo vya afya vya vijijini vilijengewa vyumba vya upasuaji na madaktari wasaidizi wakafundishwa upasuaji wa uzazi, ili mama asilazimike kufika Maweni, hospitali ya mkoa, kwanza ndipo apasuliwe. Lakini chumba cha upasuaji hakimsaidii mama ambaye homa yake imefichwa nyumbani siku tatu.

Homa wakati wa mimba

Tuanze na malaria, kwa kuwa hapa ni kwao. Utafiti wa malaria wa 2017 uliikuta Kigoma ikiongoza mikoa yote kwa maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano: asilimia 24.

Malaria ya mjamzito ina ujanja ambao malaria ya mtu mwingine haina. Vimelea hujibanza ndani ya kondo la nyuma, wakashikilia kuta zake. Mwanamke aliyekulia Ujiji au Uvinza ana kinga ya kawaida aliyoijenga tangu utotoni, lakini kondo ni kiungo kipya mwilini mwake na kinga dhidi ya vimelea vya humo hakuwahi kuipata. Ndiyo maana mimba ya kwanza ina hatari zaidi kuliko ya nne. Mama anaweza kutembea, kulima na kuanika dagaa bila homa yoyote, na damu ya kidoleni ikasema hana kitu, huku kondo limejaa. Matokeo yanaonekana baadaye: damu inapungua, mtoto anazaliwa na uzito chini ya kilo 2.5, au anakuja kabla ya wakati.

Kwa hiyo SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, haitolewi kwa sababu mama anaumwa. Inatolewa ili kusafisha vimelea visivyoonekana. Dozi ni vidonge 3 kwa mpigo, vinamezwa palepale kliniki mbele ya muuguzi, kuanzia wiki ya 13 ya mimba, kisha kila baada ya mwezi mmoja au zaidi hadi kujifungua. Angalau dozi tatu. Zikizidi ni bora zaidi. Ukiwa na njaa unameza vilevile. Kosa la kawaida ni kubeba vidonge nyumbani na kuvigawa, kimoja leo, kimoja kesho. Hapo dawa haifiki kiwango cha kuua kitu. Kosa la pili ni la sisi watoa huduma: kumpa mama SP pamoja na foliki asidi ya miligramu 5. SP inaua vimelea kwa kuwanyima foliki. Ukimwaga foliki nyingi unawalisha. Foliki ya miligramu 0.4 iliyomo kwenye vidonge vya kuongeza damu vya kliniki haina tatizo. Na mama anayetumia Septrin kwa sababu ya VVU hapewi SP kabisa, maana dawa hizo ni za ukoo mmoja na zikikutana zinaweza kumbabua ngozi vibaya.

Chandarua kinajulikana, sitakikalia. Niseme tu kwamba mwanamke anayeamka alfajiri kuwahi dagaa mwaloni yuko nje ya chandarua wakati mbu bado wanauma. Kitenge cha kufunika miguu na mikono si urembo.

Akiugua na kipimo kikasema ni malaria, dawa ni mseto: vidonge 4 mara mbili kwa siku, siku 3, jumla vidonge 24. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, halafu asubuhi na jioni. Mseto hunyonywa vizuri mwilini ukikutana na mafuta, na hapa Kigoma hatuna shida hiyo: ugali na dagaa wa mawese unatosha. Akitapika ndani ya nusu saa, arudie dozi ileile. Zamani mimba changa ya miezi mitatu ya kwanza ilitibiwa kwa kwinini. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mseto wa artemetha na lumefantrini hata katika kipindi hicho.

Mama asiyeweza kunywa, anayepumua haraka, mwenye macho ya njano, mkojo mweusi kama kahawa, anayeweweseka au aliyedondoka kifafa, huyo amepita hatua ya vidonge. Sindano ya atesuneti ya miligramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito inachomwa zahanati kabla hajapandishwa botini. Mama wa kilo 60 anahitaji miligramu 144. Sukari yake ipimwe. Mjamzito mwenye malaria kali huishiwa sukari haraka, na aliyetibiwa kwa kwinini huishiwa zaidi. Fahamu iliyopotea wakati mwingine hurudi mara baada ya glukosi kuingia kwenye mshipa.

Hapa pana mtego unaoua, na nitaukalia kidogo. Mjamzito wa zaidi ya wiki 20 akidondoka kifafa, kijijini husemwa malaria imepanda kichwani, kwa sababu malaria ndiyo tunayoijua. Kipimo cha haraka kikionyesha chanya, mjadala unafungwa. Lakini mahali penye malaria nyingi, kipimo chanya hakithibitishi kwamba malaria ndiyo iliyomwangusha. Pima presha. Ikiwa 140/90 au zaidi na mkojo una protini, ni kifafa cha mimba hadi ithibitike vingine, na anaanzishiwa magineziamu salfeti: gramu 4 polepole kwenye mshipa, kisha gramu 5 katika kila tako, jumla gramu 14. Malaria nayo inatibiwa sambamba. Magonjwa haya mawili hayagombani. Mtu mmoja anaweza kuwa nayo yote. Dozi inayofuata ya gramu 5, baada ya saa 4, haichomwi kabla ya kuhakikisha anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, goti linaruka likigongwa, na mkojo unatoka angalau mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti iwe jirani, kwani ndiyo dawa ya kuzuia sumu ya magineziamu.

Homa ikiwepo na kipimo cha malaria kikasema hapana, usimpe mseto "kwa tahadhari" ukamrudisha nyumbani. Tafuta. Nyumba za sakafu ya udongo zina papasi kwenye nyufa, wanatoka usiku kama kunguni, na homa ya papasi kwa mjamzito ni mbaya kuliko kwa mtu yeyote: huwaka siku kadhaa, hupoa, hurudi tena, na mimba hutoka au mtoto hufa mapema. Kipimo cha haraka cha malaria hakiioni. Inaonekana kwenye slaidi ya damu iliyochukuliwa wakati homa imepanda, kama nyuzi ndogo zilizojikunja kati ya chembe. Penisilini au erithromaisini inaitibu, lakini saa chache baada ya dozi ya kwanza homa inaweza kulipuka na presha kushuka, kwa hiyo dozi hiyo mama anaipata kitandani kituoni, asipewe ya kwenda nayo.

Kisha mkojo. Mimba inalegeza mirija ya mkojo na kuibana, mkojo unatuama, bakteria wanazaliana. Wengine hawana dalili hata moja, ndiyo maana mkojo unapimwa hata kwa mama asiyelalamika. Ukiachwa, maambukizi hupanda hadi kwenye figo: homa kali, kutetemeka, maumivu ubavuni chini ya mbavu, kutapika, na mara nyingi uchungu wa mapema. Ya kibofu hutibiwa kwa vidonge vya siku 5 hadi 7, kama nitrofurantoini miligramu 100 mara mbili (mwezi wa tisa huepukwa) au sefaleksini. Ya figo ni sindano na kitanda. Doksisaiklini na sipro zisinunuliwe duka la dawa. Si dawa za mjamzito.

Na "taifodi". Kipimo cha Widal kimekuwa jibu la kila homa. Damu ya mtu aliyewahi kukutana na vijidudu hivyo, au na ndugu zao, inaweza kutoa chanya miezi mingi baadaye. Nimeichukia kadi ya kliniki yenye "taifodi" mara tatu katika mimba moja, kwa sababu mara nyingi nyuma ya neno hilo kuna figo inayoungua au kondo lenye malaria. Taifodi ya kweli ipo, hasa panaponywewa maji ya ziwa bila kuchemshwa, lakini homa ya mjamzito haitakiwi kufungwa kwa karatasi ya Widal peke yake.

Maambukizi yasiyo na homa nayo yamo. Kaswende inaua mtoto tumboni mama akiwa mzima wa afya. Kipimo kimoja cha tone la damu kinaangalia VVU na kaswende kwa pamoja. Chanya ya kaswende inatibiwa siku hiyohiyo kwa benzathini penisilini yuniti milioni 2.4, kwa kawaida nusu kila tako. Ikiwa haijulikani imekaa muda gani, sindano tatu, moja kila wiki. Mtoto huhesabiwa amekingwa ikiwa mama alitibiwa angalau siku 30 kabla ya kuzaliwa. Erithromaisini haimfikii mtoto vya kutosha, kwa hiyo usikubali kubadilishiwa bila sababu kubwa. Mwenzi asipochomwa, mama anaambukizwa upya. Mwenye VVU anaanza dawa siku anayopimwa, ananyonyesha maziwa yake pekee miezi 6 ya mwanzo, na mtoto anapewa dawa ya kinga tangu kuzaliwa, kisha anapimwa kwa tone la damu kati ya wiki ya 4 na ya 6.

Damu ya mama ichungwe kabla ya yote haya kukutana. Hemoglobini, yaani wingi wa damu, ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu, chini ya 7 ni upungufu mkali. Safura inanyonya damu polepole, na kichocho cha ziwani kinachangia. Dawa za minyoo na prazikwanteli hutolewa baada ya miezi mitatu ya mwanzo. Vidonge vya kuongeza damu visimezwe na chai, kwa kuwa majani ya chai yanazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Mama mwenye gramu 6 akipoteza nusu lita wakati wa kujifungua, au akipata maambukizi wiki inayofuata, hana akiba ya kupigania.

Chupa ikipasuka, andika saa

Mfuko wa maji unaomzunguka mtoto ni ukuta. Ukishapasuka, njia kati ya uke na mtoto iko wazi, na bakteria wanaoishi chini bila madhara wanapanda juu. Hatari inaongezeka kwa kila saa. Ndiyo maana swali la kwanza la mkunga aliyebobea ni saa ngapi, wala si lini. "Jana" haitoshi. Jana asubuhi na jana usiku zinatofautiana kwa saa kumi na mbili, na uamuzi wote unategemea tofauti hiyo.

Nyumbani: tazama saa, iandike hata nyuma ya kadi ya kliniki kwa kalamu. Vaa pedi au kitambaa safi kikavu, usiweke kitu chochote ukeni, usifanye tendo la ndoa, usinywe dawa ya kienyeji ya kuchochea uchungu. Tazama rangi na unuse. Maji yasiyo na rangi au yenye weupe kidogo ni ya kawaida. Ya kijani au kahawia maana yake mtoto amejisaidia tumboni. Yenye harufu mbaya ni maambukizi tayari. Yakiwa yanatoka na kamba ya kitovu inaonekana, mama apige magoti, kifua chini, makalio juu, na asafirishwe hivyohivyo.

Halafu aondoke kwenda kituoni, hata kama uchungu haujaanza. Hapo ndipo wengi wanakwama. Wanasubiri uchungu ukolee ili safari "isipotee". Kwa mama wa Mwamgongo au wa Buhingu mwenye chupa iliyopasuka, safari haiwezi kupotea. Mimba ikiwa imetimia na saa 18 zimepita, anaanzishiwa antibaiotiki ya kumkinga mtoto. Mimba ikiwa haijafika wiki 37 anapewa erithromaisini miligramu 250 kila baada ya saa 6 kwa siku 10. Amoksisilini iliyochanganywa na klavulanati haitumiki hapo kwa sababu inaweza kudhuru utumbo wa mtoto njiti.

Kituoni, kidole ndicho mlango mkubwa wa bakteria. Njia hupimwa kila saa 4 uchungu ukiwa umekolea. Kila anayepita asipime ili "ajiridhishe". Chupa ikiwa imepasuka na uchungu bado, usipime kwa kidole kabisa bila sababu maalumu. Mama au ndugu ana haki ya kuuliza kwa upole: "Nesi, samahani, amepimwa saa nane, tunapima tena kwa sababu gani?" Swali hilo halina utovu wa adabu.

Dalili za maambukizi ya ndani wakati wa uchungu ni joto la nyuzi 38 au zaidi, moyo wa mama unaodunda zaidi ya mara 100 kwa dakika, moyo wa mtoto zaidi ya 160, na maji yenye harufu. Hapo hakuna kusubiri. Ampisilini gramu 2 kila saa 6 na jentamaisini miligramu 5 kwa kila kilo mara moja kwa siku, na mtoto atolewe. Upasuaji si lazima kama njia inafunguka vizuri.

Kuosha mikono kulithibitishwa zamani sana. Mwaka 1847 daktari Semmelweis, huko Vienna, aliwaagiza madaktari waliotoka kupasua maiti waoshe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi, na vifo vya homa ya uzazi vikaporomoka. Wenzake wengi hawakumsikiliza. Kipimo cha leo ni sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 40 hadi 60, kucha fupi, pete na saa zikiwa zimevuliwa. Glavu hazibadilishi hilo. Vyombo vilivyotumika vinaloweka dakika 10 kwenye klorini ya asilimia 0.5: kipimo 1 cha dawa ya asilimia 3.5 kwa vipimo 6 vya maji, kisha vinaoshwa na kuchemshwa kwa mvuke. Mchanganyiko wa jana umwagwe.

Familia ijiandae tangu mwezi wa nane: glavu safi jozi kadhaa, wembe mpya usiofunguliwa, vibanio au uzi wa kitovu, pamba, mpira wa kutandika, sabuni ya mche, khanga tatu zilizofuliwa na kukaushwa juani. Kitovu hakiwekwi majivu, mate wala samadi. Pepopunda ya mtoto inatoka hapo. Chanjo ya mama ya pepopunda ina ratiba ya dozi tano: ya kwanza siku ya kwanza kliniki, ya pili baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6, ya nne na ya tano kila moja baada ya mwaka.

Siku arobaini na mbili

Mtoto akishalia, macho yote yanahamia kwake. Anapimwa, anapakatwa, anapelekewa zawadi. Mama anaulizwa kama amekula. Hiki ndicho kipindi ambacho homa inapita bila kuonekana, na ndicho ningependa tukilinde kuliko vyote.

Baada ya kondo kutoka, ndani ya mfuko wa uzazi kunabaki kidonda kipana kama kiganja kilichokunjuliwa, kina joto, kina damu, na mlango wake haujafungwa. Bakteria hawahitaji zaidi ya hapo. Wakikuta kipande cha kondo kimesalia, wamepata chakula. Ndiyo maana mkunga hugeuza kondo, analitandaza na kukagua kila sehemu. Pakiwa na pengo kama kipande cha chungu kilichobanduka, kipande hicho kimo ndani.

Jua damu ya uzazi ya kawaida. Siku tatu nne za mwanzo ni nyekundu. Kisha hupauka, ikawa ya kahawia au pinki hadi karibu siku ya kumi. Baadaye ni majimaji ya njano au meupe yanayoisha kati ya wiki ya nne na ya sita. Harufu yake ni ya damu ya hedhi. Harufu ya nyama iliyooza, wekundu unaorudi baada ya kupotea, au damu kukatika ghafla siku ya tatu huku tumbo likiuma, zote ni taarifa. Tumbo nalo linasema: mfuko wa uzazi hushuka kama upana wa kidole kimoja kila siku, na baada ya siku kumi haupapasiki tena juu ya mfupa. Ukiwa bado uko kitovuni siku ya tano na unauma ukibonyezwa, kuna jambo.

Sasa homa ya maziwa. Siku ya tatu au ya nne maziwa yanapojaa, mama anaweza kupata joto dogo. Linadumu chini ya siku moja na kwa kawaida halivuki nyuzi 38.5, na matiti yote mawili yamejaa. Mtoto akinyonya linashuka. Joto la nyuzi 38 au zaidi linaloendelea siku ya pili, au linalokuja na kutetemeka, halipewi jina hilo. Titi moja jekundu lenye uvimbe ni maambukizi ya titi: aendelee kunyonyesha, apate kloksasilini miligramu 500 kila saa 6 kwa siku 10. Uvimbe ukiwa laini katikati kama embe bivu, una usaha na lazima upasuliwe.

Kukandwa kwa maji ya moto kuna faraja yake na sitamwambia bibi aache kumtunza mjukuu wake. Lakini maji ya moto huunguza, huficha homa, na kukaa kwenye beseni la maji ya chumvi mwenye mshono huingiza uchafu. Maji ya vuguvugu, safi, ya kumwagia, mara mbili kwa siku na kila baada ya choo, yanatosha. Kipimajoto kidogo cha duka la dawa kikae nyumbani. Pimeni joto asubuhi na jioni siku kumi za mwanzo, kabla ya kukandwa.

Maambukizi yanapoanza kuingia kwenye damu, mwili wa mama kijana hudanganya. Anaongea, anacheka, presha inashikilia, na ghafla anaporomoka. Hesabu badala ya kutazama uso: mapigo zaidi ya 110 kwa dakika akiwa amelala, pumzi zaidi ya 24, mkojo kidogo na mweusi, mikono ya baridi, maneno yasiyoeleweka. Joto chini ya 36 ni baya sawa na joto la 39. Yakikutana mawili kati ya hayo, antibaiotiki iingie ndani ya saa moja. Ampisilini gramu 2 kwenye mshipa kila saa 6, jentamaisini miligramu 5 kwa kilo mara moja kwa siku, metronidazo miligramu 500 kila saa 8, hadi apitishe saa 48 bila homa. Dripu ya Ringer iende haraka, huku mapafu yakisikilizwa, hasa kwa mwenye damu kidogo sana au aliyekuwa na kifafa cha mimba. Anaweza kujaa maji. Kisha chanzo kiondolewe: kipande cha kondo kitolewe, usaha ufunguliwe, mshono uliooza uachiwe. Antibaiotiki bila kuondoa chanzo ni kupaka rangi ukuta unaovuja. Homa isiposhuka baada ya siku mbili au tatu za dawa sahihi, usiongeze dawa ya nne. Tafuta usaha tumboni, na umpeleke panapopasuliwa.

Aliyejifungua kwa upasuaji ana hatari kubwa zaidi kuliko aliyejifungua kwa njia ya kawaida. Sindano ya kinga huchomwa kabla ya kisu, ndani ya saa moja. Ikichomwa baadaye imechelewa. Kidonda kikianza kulowa siku ya nne hadi ya saba, rudi usisubiri tarehe ya nyuzi. Yote haya yanamhusu pia mama ambaye mimba imeharibika. Masalia hubaki, aibu humfungia ndani, na homa humkuta peke yake. Huyo naye ana haki ya kupokewa bila maswali ya kumvunja moyo.

Mama akae kituoni angalau saa 24, kisha aonekane ndani ya saa 48, siku ya 7, ya 28 na ya 42. Kama hawezi kusafiri siku ya 7, mhudumu wa afya ngazi ya jamii amfuate nyumbani, na amguse mama kabla ya kumshika mtoto.

Botini

Namba ya m-mama, 115, ni ya bure na hupanga usafiri wa dharura wa mama na mtoto mchanga. Jueni mapema ni kilima kipi kijijini kinakamata mtandao. Nahodha wa zamu ajulikane kwa jina, lita za mafuta ziwekwe pembeni tangu mwezi wa nane, na mtu wa kuchangia damu apimwe kundi kabla. Upepo wa kiangazi ukichafuka mchana, ondokeni alfajiri. Uamuzi wa kwenda ufanyike usiku, dozi ya kwanza ikiwa imeshaingia, asubuhi isitumike kujadiliana.

Mjamzito alazwe ubavu wa kushoto, juu ya godoro kavu, mbali na moshi wa injini. Dripu ifungwe kwenye fito, na mwenye kuishika asiwe mtoto. Mama mwenye homa anahitaji kufunikwa dhidi ya upepo wa ziwa, lakini si blanketi tatu. Barua ya rufaa iwekwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, ikiwa na saa chupa ilipopasuka, saa ya kujifungua, saa homa ilipoanza, joto, presha na mapigo ya mwisho, na kila sindano iliyochomwa pamoja na saa yake. Kipande cha kondo au kondo lenyewe, kama lipo, liende nalo kwenye ndoo yenye mfuniko. Mtoto aende na mama yake, amefungwa kifuani mwa ndugu ngozi kwa ngozi, anyonyeshwe njiani maadamu mama ana fahamu. Anayesindikiza awe na simu yenye chaji na ampigie mkunga wa kule mwendako mara boti inapoondoka, aseme homa ni ya tangu lini, na chanzo wanakihisi wapi, ili chumba kiandaliwe kabla hawajashuka.